Wati Elfu Tatu za Kazi Gani?

Kijana mmoja anayekodisha mziki kule Mbagala alinijia jioni moja na picha mbili kwenye simu. Zote mbili zilikuwa za spika za besi za inchi 18. Ya kwanza imebandikwa karatasi ya kung'aa yenye tarakimu za rangi ya dhahabu: wati 3,000. Ya pili ni ya Kiitaliano, imeandikwa wati 1,200 kwa herufi ndogo, na muuzaji anaitaka kwa bei inayozidi mara mbili ya ile ya kwanza.

"Shikamoo mzee. Hebu nisaidie," akasema. "Hii yenye wati chache inakuwaje ghali namna hii?"

Swali lake nalijua vizuri kwa sababu lilishanigharimu. Nilipoanza kazi hii nilinunua jozi ya spika za wati 2,000 kila moja, kwenye duka ambalo sina haja ya kulitaja. Nikazifunga kwenye maboksi niliyochongesha kwa seremala, nikazipeleka kwenye harusi Temeke. Kabla bibi harusi hajaingia ukumbini nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, harufu ambayo fundi mziki akiinusa mara moja haisahau. Dakika chache baadaye upande wa kushoto ukanyamaza. Kesho yake niliifungua spika nikakuta koili ya kipenyo cha inchi tatu, imekuwa nyeusi kama mkaa. Na amplifaya niliyokuwa nayo ilikuwa ya wati 700 tu kwa kila upande.

Spika ya wati 2,000 imeuawa na amplifaya ya wati 700. Anayeelewa jambo hilo linawezekanaje hatauziwa karatasi tena.

Tuanze na neno lenyewe. Spika haina wati zake. Wati zinatoka kwenye amplifaya. Namba iliyoandikwa nyuma ya sumaku inaeleza joto ambalo koili inaweza kulivumilia kabla gundi haijaachia na waya haujaungua. Ni kama tani zilizoandikwa ubavuni mwa lori: zinakuonya lisibebeshwe zaidi ya kiasi gani, lakini hazikuambii litafika Morogoro saa ngapi.

Na hilo joto si dogo. Kila spika ina kipimo kinachoitwa usikivu, yaani ukali wa sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kuipima ukiwa mita 1. Spika nzuri ya besi hufika desibeli 97. Namba hiyo inavutia, lakini ukiipigia hesabu ina maana kwamba karibu asilimia 3 tu ya umeme inageuka kuwa sauti. Ipe wati 1,000: kama 30 zinakuwa mdundo, na 970 zinabaki ndani kama joto tupu. Fikiria pasi ya umeme ya nyumbani, ambayo nyingi zina wati 1,000 hivi. Sasa ifikirie moto wake wote umefungiwa kwenye duara la waya lenye upana wa mdomo wa kikombe kikubwa cha chai, usiku kucha, ndani ya boksi la mbao. Hiyo ndiyo kazi ya koili.

Watengenezaji wenye jina hupima uvumilivu huo kwa kanuni ya AES, jumuiya ya wahandisi wa sauti, iliyotolewa mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2012. Spika hupigwa mvumo wa majaribio, unaofanana na sauti ya maporomoko ya maji, kwa saa 2 bila kupumzika. Ikimaliza salama, tabia yake haijaharibika, nguvu iliyoihimili ndiyo huandikwa kuwa wati za AES, ambazo madukani kwetu huitwa RMS. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lina jaribio lake la saa 100, ndiyo maana spika moja inaweza kuwa na namba mbili za kweli zisizolingana.

Baada ya hapo hufuata hesabu ya kwenye karatasi. Wati za AES ukizizidisha mara mbili unapata wati za programu. Ukizizidisha mara nne unapata wati za kilele. Hakuna aliyewasha mtambo upya kuzipima hizo. Ni kuzidisha tu. Kwa hiyo spika ya wati 1,200 inaruhusiwa kuandikwa 2,400, na kwa kilele 4,800, na ni ile ile. Ukiona tangazo lina namba moja kubwa isiyotajwa ni ya aina gani, igawe kwa nne kabla hujaendelea na mazungumzo. Kwa spika zisizo na jina, hata ukigawa kwa nne bado uwe na wasiwasi.

Kuna ujanja mwingine wa halali, uliojificha kwenye omu. Spika ya omu 8 haina omu 8 kwenye kila sauti. Kuna mahali hushuka, tuseme hadi 6. Chukua volti 77.5. Ukizipigia hesabu kwa omu 6 unapata wati 1,000. Ukizipigia kwa omu 8 unapata 750. Kampuni moja itaandika 1,000, nyingine 750, na koili zimevumilia umeme ule ule. Ndiyo sababu tofauti ya robo kati ya namba za makampuni mawili ya heshima hainisumbui kabisa. Tofauti ndogo kama hiyo isikufanye utoe hata shilingi ya ziada.

Kinachosema kweli kuliko karatasi ni kipenyo cha koili. Koili pana ina waya mwingi na uso mkubwa wa kutoa joto, na hapo hakuna miujiza. Angalia spika za B&C, kiwanda kilicho karibu na Florence. Ile 18TBX100 ina koili ya milimita 100, yaani inchi 4, na imepewa wati 1,200. Ndugu yake 18SW115 ina koili ya milimita 115, wati 1,700. Ya inchi 21, 21SW152, ina koili ya milimita 152, ambazo ni inchi 6 kamili, na hiyo ndiyo inayofika wati 2,000. JBL 2242H, spika ya inchi 18 iliyofungwa kwenye maboksi ya besi ya kumbi za sinema, ina koili ya inchi 4 na JBL wenyewe waliridhika kuandika wati 800. Sasa rudi kwenye ile yangu ya Temeke: koili ya inchi tatu, wati 2,000. Wahandisi wa viwanda vikubwa wamehangaika miongo mingi kufikisha koili ya inchi 6 wati 2,000. Hiyo ya inchi tatu imepita wapi?

Hapo ndipo wengi hushtuka wakakimbilia kosa la pili: kama wati za kweli ni hizi, basi ninunue ile yenye wati za kweli nyingi kuliko zote. Hapa naomba msomaji anipe subira, maana fedha nyingi huzama mahali hapa.

Sikio halihesabu wati, linahesabu kwa kuzidisha. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3, mabadiliko ambayo mtu aliyekaa meza ya kumi atayatambua lakini hatashangaa. Ili aone sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 1,200 kwenda 1,700 ni desibeli 1.5. Shemeji wa bwana harusi aliyesimama mbele ya boksi hataitambua hiyo.

Na hata hiyo 1.5 utaipata tu kama amplifaya yako inaweza kuitoa. Ili kuijaza 18SW115 wati zake 1,700 kwa omu 8 unahitaji amplifaya inayosukuma karibu volti 117. Wenzangu wengi wa Temeke na Gongo la Mboto wana amplifaya zinazotoa wati 800 kwa omu 8, na zikifungwa omu 4 zinafika kama 1,300. Kwa hiyo tufanye hesabu kwa amplifaya hiyo hiyo.

Spika zote mbili, 18TBX100 na 18SW115, usikivu wake uko karibu desibeli 97. Ipe ya kwanza wati 800: unapata kama desibeli 126 kwenye mita 1. Ipe ya pili, ile ghali, wati 800 zile zile: desibeli 126. Umelipia zaidi ukapata sauti ile ile, kwa sababu sehemu uliyoilipia haijaguswa. Sasa chukua mbili za bei nafuu, zifunge sambamba kwenye amplifaya ile ile, omu 4, wati 1,300 zigawane. Kila moja inapata 650. Kwa kuwa zimekaa bega kwa bega, na wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, zinasukuma hewa kama spika moja kubwa: desibeli 131. Tano zaidi ya ile ya ghali peke yake, na hukununua amplifaya nyingine. Hesabu hii ni ya nadharia, boksi na ukumbi vitapunguza kidogo huku na huku, lakini vitapunguza kote kote.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu yeyote anayetaka spika huwa ni amplifaya yake. Wengi hawalitarajii. Wamekuja kuzungumza inchi na sumaku.

Ila nisimdharau 18SW115, maana ana kitu ambacho hesabu ya wati haikionyeshi. Besi ni hewa. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne ni hezi 41, na lenye nyuzi tano ni hezi 31. Huko chini koni lazima itembee mbali mbele na nyuma, na kila spika ina mwendo ambao ikiupita koili inatoka kwenye nguvu ya sumaku na mdundo unakuwa kishindo kichafu. Mwendo huo kwenye 18TBX100 ni milimita 9 kila upande. Kwenye 18SW115 ni 14. Koni ya inchi 18 ina eneo la sentimita za mraba 1,210 hivi, na ya inchi 21 ina 1,680. Zidisha eneo kwa mwendo utapata pumzi ya spika: lita 1.1 kwa ya kwanza, lita 1.7 kwa ya pili, na lita 2.5 kwa ile ya inchi 21 ambayo mwendo wake ni milimita 15. Mbili za kwanza kwa pamoja zina lita 2.2.

Kwangu mimi lita hizi ndizo kipimo cha bei. Sitaki kukutajia bei ya leo Kariakoo, kwa sababu dola ikipanda kesho andiko hili litakuwa limekudanganya. Nakupa badala yake kiasi cha kuzidisha. Pumzi ya 18SW115 ni mara 1.55 ya 18TBX100. Ikiwa inauzwa chini ya mara 1.55 ya bei ya mwenzake, inalipa. Ikizidi hapo, unalipia kitu kingine. Ya inchi 21 ni mara 2.3.

Hesabu hiyo ni ya spika peke yake, lakini spika haipigi ikiwa mezani. Inahitaji boksi la plaiwudi, nyaya, rangi, magurudumu, na nafasi kwenye gari. Tuseme, kwa mfano tu, 18TBX100 ni shilingi milioni moja na boksi laki nne. Kwa kuwa spika moja yenye pumzi kubwa inakuokolea sehemu ya boksi la pili, unaweza kulipia 18SW115 hadi milioni moja na laki saba na ushee na bado usiwe umepunjika. Mwenye kirikuu kimoja, ambaye kila boksi la ziada ni safari ya pili kutoka stoo, atakuwa na sababu ya kulipa zaidi ya hapo. Mwenye canter na vijana wanne wa kubeba hana sababu hiyo. Wanaofunga mziki wa mikutano ya injili viwanja vya Jangwani au Biafra, maboksi kumi na mawili mstari mmoja, wako kwenye ulimwengu wao: kwao kila boksi lililopungua ni mafuta na watu.

Ukisoma namba za mwendo kuwa mwangalifu, maana nazo zina ujanja. Kampuni moja hupima urefu wa koili, hutoa kina cha pengo la sumaku, hugawa kwa mbili, basi. Nyingine, B&C wakiwamo, huongeza juu yake robo ya kina cha pengo. Zipo zinazoandika mwendo wa mwisho kabla spika haijavunjika na kuuita jina lile lile. Linganisha za kampuni moja kwa kampuni moja, au tafuta urefu wa koili na kina cha pengo upige hesabu mwenyewe.

Tukirudi kwenye joto, kuna hasara ambayo muuzaji haisemi kwa sababu hata yeye haijui. Waya wa shaba ukipata moto, ukinzani wake unapanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja. Koili iliyopanda nyuzi 200 juu ya joto la kawaida, na spika inayofanyishwa kazi hufika huko, ukinzani wake unakuwa mara 1.8 hivi. Amplifaya inasukuma volti zile zile, lakini wati zinazoingia zimeshuka kutoka 1,000 hadi kama 560. Desibeli 2.5 zimeyeyuka, na mpigaji, akiona mziki umelegea, anafanya nini? Anapandisha sauti. Usiku wa manane ukisikia besi imekuwa nzito na haina meno, mara nyingi ndiyo hiyo.

Mziki wenyewe unachangia. Taarab inaipa koili nafasi ya kupumua kati ya mdundo na mdundo. Singeli, yenye midundo inayozidi 200 kwa dakika, haiipi. Anayepiga singeli Manzese kuanzia saa mbili usiku anaifanyisha spika kazi inayokaribia lile jaribio la maporomoko ya maji, tena kwa muda mrefu kuliko saa 2. Kwa mtu huyo, koili pana ya milimita 115 ina maana hata kama amplifaya yake haiijazi, kwa sababu wati zile zile zinaipasha moto kidogo na sauti haizami. Hapo nakubali kulipia wati nisizozitumia. Kwa mwenye ukumbi wa harusi wa watu 300, siwezi kumshauri hivyo.

Na ile spika yangu ya Temeke? Nilikaa miaka nikimlaumu muuzaji peke yake. Karatasi ilikuwa ya uongo, lakini na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Amplifaya ikikabwa hadi taa nyekundu haizimiki, vichwa vya mawimbi vinakatwa na wimbi linakuwa la mraba, na wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi la kawaida lenye kimo kile kile. Amplifaya yangu ya wati 700 ilikuwa inaelekea kumwaga wati 1,400 kwenye koili ya inchi tatu. Amplifaya kubwa inayotumiwa kwa adabu ni salama kwa spika kuliko ndogo inayolia. Kwa spika ya wati 1,200 natafuta amplifaya inayotoa kati ya 1,200 na 2,400 kwa omu zake, na taa nyekundu nikiiona imewaka zaidi ya kupepesa, naenda mwenyewe kwenye mixa.

Sumaku nazo hupandisha bei, na watu hubishana bila sababu. Za feraiti ni nzito, nafuu, hazisumbuki na joto. Za neodimi ni nyepesi kwa kilo kadhaa na ndizo zilizo kwenye 18SW115. Uzito huo una thamani kwa anayepandisha maboksi jukwaani kila wiki, lakini kwenye boksi linalokaa chini sakafuni ukumbini mwaka mzima unalipia wepesi ambao hakuna atakayeunyanyua. Bei yake pia inategemea China, inayotoa sehemu kubwa ya madini hayo; mwaka 2011 yalipopanda ghafla viwanda vingi vilirudi kutazama feraiti kwa heshima mpya. Sauti haina deni na aina ya sumaku.

Kuhusu inchi 21 nitasema machache. Ni spika nzuri sana kwa anayejua anachokifanya. Inataka boksi kubwa, amplifaya ya kweli, na gari. Nimeona mara mbili mtu akiifunga kwenye boksi lililochongwa kwa ajili ya inchi 18, ametanua tundu kwa msumeno, na matokeo yake besi ikawa ya kukohoa, kwa sababu hewa yote ile inatafuta njia kwenye tundu dogo la kupumulia. Fedha ya spika ilikuwapo, ya boksi ikakosekana.

Dukani, kabla hujatoa hela, beba vitu vitatu: mizani, mita ya umeme na mikono yako miwili. Spika ya feraiti ya inchi 18 yenye koili ya inchi 4 ikiwa na uzito ambao unaibeba kwa mkono mmoja huku unapiga simu, ipo kasoro. Mara nyingi kifuniko cha plastiki kimevishwa juu ya sumaku ndogo ili ionekane pana. Pima omu: ya omu 8 isome kati ya 5 na 6. Kisha weka vidole kuzunguka katikati ya koni, isukume taratibu pande zote kwa usawa, sikio karibu. Ikikwaruza, rudisha. Jina lililoandikwa kwa herufi za B&C, RCF au JBL halithibitishi kitu, maana kopi zimejaa; linganisha kila parafujo, rangi ya spaida na mahali vituo vya waya vilipo na picha ya kiwandani.

Kwa spika za mtumba kutoka Ulaya nina swali moja tu: imeshafungwa koni mpya? Spika iliyoungua ikafungwa koili ya mtaani inaweza kulia vizuri na kukupa miaka, lakini zile wati 1,200 zilizochapwa nyuma ya sumaku zilikuwa za koili iliyokufa. Iliyopo sasa ina wati zake, na hakuna aliyezipima. Kwa hiyo bei yake ishuke. Na kwa mpya, uliza kabla ya kununua kama koni na koili za kiwandani zinapatikana na ni shilingi ngapi, kwa sababu siku moja utazihitaji. Ikiwa muuzaji hajawahi kuzisikia, ijumlishe hasara hiyo kwenye bei aliyokutajia.

Kijana wa Mbagala alikuwa na hela ya tatu za wati 3,000 au moja ya Kiitaliano na chenji. Amplifaya yake ni ile niliyoieleza, wati 800 kwa omu 8. Nilimwambia anunue moja ya 1,200, achongeshe maboksi mawili yanayofanana kabisa, la pili likae tupu stoo likingoja spika ya pili, na asidanganyike kulijaza na kitu kingine hata kwa wiki moja: spika mbili zisizofanana zikifungwa pamoja huvutana, na dhaifu ndiyo hulipia. Alikunja uso. Boksi tupu stoo ni jambo gumu kwa mtu mwenye oda za Jumamosi.

Akanunua moja. Jumapili alinipigia simu, nyuma yake nikisikia watu wanapanga viti, akaniuliza ile kata ya besi ya chini kwenye mtambo wake aiweke wapi, maana koni ilikuwa inatapatapa mpiga gitaa akigusa uzi mnene. Nikamwambia aiweke hezi 35, mwinuko mkali kuliko yote uliopo, aangalie koni na si sauti. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema imetulia. Mwezi wa nne amelipia nusu ya ile ya pili.